Hafidhi Mansuri, Mtu wa Viwiko

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Hafidhi Mansuri, na walio nyuma waache kuongea, wasije wakaulizana njiani.

Marehemu alizaliwa Mlali tarehe 4 Machi 1981, mtoto wa pekee wa Mzee Mansuri, aliyetangulia, na Bi. Maimuna, huyu aliyekaa mbele, akasoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza kidato cha sita mjini mwaka 2001, akasomea uhandisi Dar es Salaam, kisha ng'ambo, akakaa huko miaka saba mama yake akitazama barabara.

Mwaka 2014 alirudi kufundisha chuo hapa Morogoro, akamuoa Bi. Yasmin, wakaishi Mwembesongo na kujaliwa binti, Rehema. Kazi yake ilikuwa kuunda kwenye kompyuta mfano wa mkono wa mtu unavyokaa unapofuata kitu, bega likae vipi, kiwiko kiende wapi, ili wenye mikono ya bandia wanywe chai bila kujimwagia, nanyi mkamwita Mtu wa Viwiko, na chai yake mkanywa.

Mwaka 2018 alikuja Mlali na kamera, akawabandika watu vidude vya kung'aa begani, kiwikoni na kiganjani, akawanyooshea kikombe wakipokee, lakini nani huku apokee kwa mwalimu kwa mkono mmoja, wote walishikilia kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, kama walivyolelewa, na mkono wa kwenye kompyuta ukatoka na adabu nyingi, haufiki mbali. Hafidhi alicheka mpaka akakaa chini. Aliyepokea kwa mkono mmoja ni Bi. Maimuna peke yake, maana mtoto ni mtoto, basi wengine walirudia kikombe kikiwa mezani, picha ya mama ikabaki ileile.

Juni 2023 alianza kuangusha kalamu, madaktari wakasema mishipa inayoamrisha misuli inakufa, na Januari 2025 Bi. Yasmin alimleta kwa mama yake, mikono imekwisha nguvu. Kupona hakukutamani tena, alitamani apokee kikombe kwa mama yake, mara moja tu, kwa mkono wake mwenyewe, na kila asubuhi Bi. Maimuna alimnyooshea uji, akasubiri mpaka upoe, ndipo akamnywesha, sisi tukimlaumu kuwa anamtesa mgonjwa, naye akatujibu, "Nikiacha kumnyooshea, nitakuwa nimeshamzika."

Asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2025 alimnyooshea tena, mkono wa kulia haukuinuka, ila wa kushoto ulitambaa juu ya shuka, taratibu, mpaka ukashika kiwiko cha kulia, ukatulia hapo. Bi. Maimuna akasema, "Nimeona, baba. Umepokea." Alifariki adhuhuri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mwembesongo na Mlali, na walimu wenzake waliotuletea ile picha ya mwaka 2018, ambamo mkono wa mama unanyooka kufuata kikombe na aliyekishika haonekani, naye Bi. Maimuna ameomba aachiwe.

Pumzika, Hafidhi, na mkono wako upumzike kwa amani.