Ini la Ukoo

Kwenye basi la mji wa Tartu mtu hamsemeshi mgeni, kwa hiyo Leili alijifanya amelala, akatega masikio yote mawili. Mbele yake mzee Ülo, shavu limemvimba kwa jino lililong'olewa, alikuwa akimwonyesha bibi mmoja mwenye kapu la uyoga majibu ya kipimo cha vinasaba vyake kwenye simu.

"Soma mwenyewe. Ini langu haliwezi kuigeuza kodeini, hii ya kutuliza maumivu, iwe dawa. Nimeze kodeini, nimeze chaki, yote sawa."

"Mwanaume mzima kulilia jino! Sema tu unadeka."

"Wa kudeka alikuwa baba yangu! Alikatwa mguu, akapewa kodeini hiyohiyo, akalia wiki nzima mpaka tukamfungia mlango. Mwoga wa kutupwa!"

Leili akafumbua jicho moja.

"Na hilo ini umelirithi wapi?" bibi akauliza.

"Wameandika hapa, kwa wazazi wote wawili. Kwa mama, na kwa..." Ülo akaizima simu, akaitia mfukoni.

Basi likasimama sokoni. Bibi akanyanyua kapu lake.

"Mshumaa utakaomwashia baba yako makaburini mwaka huu, mzee wangu, uwe mrefu."