Mwalimu Unaonaje, Aliyekataa Kiboko

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani.

Alianza shule mwaka 1968. Darasa la nne alichapwa kwa mwandiko mbaya. Mkono ukavimba, mwandiko ukazidi kuharibika, akachapwa tena. Alikuwa akitusimulia huku akicheka. Sisi hatukuona cha kuchekesha.

Januari 1986 aliajiriwa kufundisha useremala katika sekondari ya hapa mtaani. Kiboko hakukishika. Mtoto akileta kigoda, yeye alikikalia, kisha akauliza, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Lakabu yake ikatoka hapo. Siku moja kigoda cha binti mmoja kilivunjika, mwalimu akaanguka puu! Akauliza palepale sakafuni, "Unaonaje?" Binti akajibu, "Naona umeanguka, mwalimu." Karakana nzima ikaangua kicheko. Hakuna aliyemlazimisha, lakini binti yule alikirudia mara nne, na cha mwisho kilikaliwa ofisini miaka kumi na mitatu.

Tarehe 2 Agosti 1990 alimwoa mkunga, wifi yetu mpenzi. "Mume wangu hata kuku hajui kumfokea," hutania wifi hadi leo.

Februari 2016 alikuja mwalimu mkuu mpya. "Darasa gani hili, watoto wanacheka?" Akamnyang'anya karakana, akampa funguo za stoo, na watoto wakapewa mtu wa fimbo. Vigoda vikawa vinakamilika kwa wiki moja, vimepakwa rangi vyote, vyote vinayumba. Kaka aliandika barua tatu kuomba arudishiwe watoto wake. Hakujibiwa hata moja. Inatuuma, na hatutajifanya haituumi.

Mwaka uliofuata figo zilianza kumsumbua. Tarehe 9 Juni 2018 mwalimu mkuu alimletea wodini barua ya kumrudisha darasani. Kaka aliisoma, akauliza, "Na fimbo?" Akajibiwa, "Hilo tutaliangalia." Akageukia ukutani. Alifariki tarehe 11, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, binti wawili, dada yake anayewasomea haya, na wanafunzi arobaini na mmoja, waliotangaziwa jana kwamba atakayetoroka kuja kumzika atachapwa. Wamekuja. Mwalimu mkuu, umekaa mstari wa mbele, umewaona. Tunakuomba mbele ya jeneza hili: usiwaguse.

Kaka apumzike kwa amani. Sisi kesho asubuhi tutakuwa kwenye geti la shule.