Mashua ya Filomena Inavuja Wapi

Benchi lile la gatini, kwenye bandari ya Horta, lilikuwa na wenyewe. Filomena aliposhuka na birika lake la kahawa, aliwakuta wameshakaa: Belmiro, wanayemwita Dira kwa sababu aliwahi kupotea ndani ya bandari hii hii, na Ildefonso, Profesa, anayesoma gazeti la juzi kama la leo. Mbele yao imefungwa mashua ya matanga ya Filomena, kibao cha kwamba inauzwa kinaning'inia. Miaka kumi na tisa kaishi humo, kwanza na marehemu Amadeu, kisha peke yake. Sasa goti limekataa ngazi, na binti yake kule kisiwa cha Terceira keshamtandikia kitanda. Wanunuzi watatu wamekuja wakaondoka. Wa nne anakuja leo. Wa tano hayupo.

— Shemeji, nilikwambia, Dira akaanza. Ni ile picha. Kila mashua inachorwa ukutani hapa kabla haijaondoka, iwe na bahati. Ya kwako imefutika. Mnunuzi akiona hivyo, moyo unamkataa.

— Picha gani wewe, Profesa akamkata. Ni mlingoti. Mrefu mno, unavuta radi toka Amerika.

— Toka Amerika?

— Imeandikwa.

— Wapi?

— Nipe kahawa kwanza.

Filomena akamimina.

— Mimi najua, Dira akasema. Kuna samaki mkunga, yule kama nyoka, chini ya mkuku wa mashua, mnene kama paja langu. Amadeu alikuwa akimtupia makombo. Sasa hataki tajiri mpya.

— Hapo umenena. Mkunga na radi, damu moja.

Mama mmoja mwenye mvi akasimama mbele yao, begi mgongoni. Solveig, Mdenmaki, ndiye mnunuzi mwenyewe.

— Habari zenu. Hii mashua, mvua ikinyesha inavuja wapi?

Dira akamtazama Profesa. Profesa akakunja gazeti. Miaka yote ya kuisema, hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga ndani.

Wale watatu Filomena aliwaambia haivuji hata tone. Akalishika goti lake. Akakiona kitanda cha Terceira kinarudi nyuma.

— Juu ya mto wa kulalia, akasema. Upande wa kushoto. Amadeu aliziba mara saba, ikamshinda. Natega sufuria ndogo ya bluu.

— Yangu ya zamani ilivuja juu ya jiko, Solveig akasema. Supu haikuwa ikiisha. Mtu akiniambia haivuji, hata sipandi.

Akapanda. Akakaa humo kitambo kirefu, wakasikia akifungua na kufunga vijilango. Akatoka na sufuria ya bluu mkononi.

— Naichukua. Na hii sufuria, inabaki na mashua?

Filomena akafumbua mdomo. Alikuwa na jibu la kila msumari mle ndani, lakini sufuria hakuwahi kuihesabu kuwa ya kuuzwa. Akainua birika awamiminie, na birika lilikuwa tupu.