Fundi Zipu Atafuta Hema

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, refu kiasi cha kukalisha watu wanne wanaopendana au watatu waliogombana. Limeegeshwa ukutani, kati ya kibanda cha fundi wa mabegi na meza ya kahawa ya Mama Birika. Fundi huyo watu humwita Zipu, maana zipu yoyote iliyokwama mtaa mzima huishia mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba imemshinda. Wengine wawili ni wa kila siku: Ramani, aliyegawa barua miaka thelathini na anayejua mlango wa kila nyumba ila hajui pa kumalizia hadithi, na Breki, dereva mstaafu wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu akishaanza kusema hana. Asubuhi moja, yapata saa nne, Zipu aliweka kando begi la mteja, akatoa mfukoni karatasi ya dukani yenye picha za mahema mawili, akaitandaza gotini.

— Nataka ushauri, alisema. Hema la watu wawili. Liwe imara, lakini lisinitoboe mfuko.

— Umefukuzwa nyumbani? aliuliza Breki.

— Sijafukuzwa. Nakwenda na mke wangu kule ziwani. Tukalale usiku mmoja.

Wote walimjua mkewe. Miaka ishirini na miwili mama huyo alikuwa akikanda unga kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya usiku. Yeye akitoka saa mbili usiku, mume ndio anaingia. Mume akitoka alfajiri kufungua kibanda, yeye ndio anarudi, nywele zimejaa unga. Hata usiku wake wa mapumziko mwili ulikataa kulala. Alipiga pasi, akasikiliza redio kwa sauti ya chini, mzee akiwa chumbani peke yake. Watoto wao wawili waliwalea kwa kupokezana hivyo hivyo, na sasa watoto wana nyumba zao. Jana usiku ndiyo ilikuwa zamu yake ya mwisho ya usiku. Kiwanda kimempa siku nne za kupumzika, halafu ataanza kuingia asubuhi kama watu wengine. Zipu alikuwa ameliwaza jambo hilo mwezi mzima, kimya kimya, huku akishona.

— Hili la buluu, alieleza, bei yake nafuu. Mlango mmoja, vijiti vya plastiki ngumu. Hili la kijani linazidi kama nusu ya bei. Vijiti vya alumini, milango miwili. Zipu za yote mawili ni nzuri. Nimezivuta na kuzirudisha mara arobaini, mpaka muuza duka akaniomba nipumzike.

— Chukua la buluu, alisema Ramani. Mlango mmoja unatosha. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango.

— Walimaanisha uingie ndani ukaone, Mama Birika akamrekebisha, akimimina.

— Ndiyo. Na utaingia kwa mlango upi? Mmoja.

Breki akapuliza kahawa yake, akatikisa kichwa.

— Ninyi mnaongea milango, hamuongei upepo. Mimi nimelala nje kuliko popo. Hema jepesi kama hilo, upepo wa ziwani ukiingia chini yake, mnaamka ng'ambo ya pili. Nunua turubai la lori. Kipande kimoja tu, cha mitumba.

— Turubai la lori lina uzito wa mtu mzima, alisema Zipu.

— Ndio uimara wenyewe huo. Wewe ulitaka imara.

— Na atalibebaje kwenye basi? aliuliza Mama Birika.

— Kwenye basi? Breki alifikiri kidogo. Hapo sasa inabidi apate lori.

— Upepo si tatizo, alisema Ramani. Hema lina kamba na vigingi. Unalifunga vizuri pande zote. Ila zile kamba usiku hazionekani. Aliyesema mwenda pole hajikwai hakuwahi kutoka hemani saa nane usiku kwenda kujisaidia.

— Afunge kamba kitambaa cheupe, alisema Mama Birika. Ataziona.

Ushauri huo ulikuwa mzuri, kwa hiyo hakuna aliyeujali isipokuwa Zipu, ambaye aliuandika kwa penseli pembeni mwa karatasi. Mama Birika akaongeza kwamba asisimamishe hema njiani wala bondeni, hata kama pako tambarare. Breki akaafiki kwa kishindo.

— Kabisa. Penye nia pana njia, na penye njia maji ya mvua hupita.

— Mimi nahofia rangi, alisema Ramani, aliyekuwa bado anaikodolea picha. Buluu. Ukiwa juu angani, hema la buluu ni dimbwi. Bata wa porini wakilipita watashuka. Bata mmoja sawa. Wakishuka bata ishirini, kijiti gani cha plastiki kitawahimili?

— Na la kijani? aliuliza Zipu.

— La kijani ni majani. Litaliwa na ng'ombe.

Zipu akacheka, akapangusa miwani. Alikuwa na raha moyoni kuliko alivyoonyesha. Kusema kweli, hakuja kutafuta ushauri wa hema; alitaka kulisema jambo lake kwa sauti mbele ya watu ili lisigeuke ndoto tena.

— Yote hayo madogo, alisema Breki, akisogea mbele. Kuna jambo hamjaligusa. Mkoromo. Hema dogo ni kama ngoma. Mtu akikoroma mle ndani, kitambaa kinatetemeka, vijiti vinatetemeka, kufika alfajiri viungo vimelegea na hema limewafunika kama maiti. Hema la watu wawili lazima lipimwe kwa mkoromo wa wote wawili.

— Mimi sikoromi, alisema Zipu.

— Umejuaje?

Zipu akaikunja pembe ya karatasi. Kwa kweli hakuwa na shahidi.

Hapo ndipo alipofika msichana mmoja aliyevaa buti zenye vumbi, mkoba mkubwa begani, zipu yake imeachama. Akawaamkia wazee kwa shikamoo moja iliyowatosha wote, akampa fundi mkoba. Ni mpima ardhi, alisema, na keshokutwa anarudi porini. Macho yake yakaangukia ile karatasi.

— Mnanunua hema?

— Mzee huyu, alisema Mama Birika. Yeye na mkewe.

Msichana akaichukua karatasi, akaisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini ambayo kijiwe kizima kilikuwa kimeyaruka.

— Mimi nalala hemani wiki mbili kila mwezi, alisema. Hili la bei nafuu halina ubaya. Mishono imezibwa, sakafu yake inapanda pembeni kiganja kizima, maji hayaingii. Kijiti kikipasuka unakivisha kipande cha bomba unaendelea na safari. Tatizo ni mlango tu. Uko ubavuni. Anayelala upande wa ndani akitaka kutoka, anampanda mwenzake. Kwa hiyo swali ni moja. Mama hulala upande gani?

Zipu alimtazama. Akatazama picha, kana kwamba jibu limechapishwa pale. Alimjua mkewe: chai anakunywa ya moto kiasi gani, goti lipi linamuuma siku za baridi, hasira zake zinaanzia kwenye nyusi. Lakini hili hakulijua. Alipokuwa akitoka alfajiri, alilitandika shuka mwenyewe. Aliporudi usiku, alilikuta limetandikwa tena. Mama Birika alishika birika hewani bila kumimina.

— Mkoba wako njoo uuchukue saa kumi na moja, alisema fundi taratibu.

Saa saba mchana alifunga kibanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi, akaenda nyumbani. Mkewe alikuwa ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda akijisugua vifundo vya mikono.

— Kuna nini? aliuliza. Nani anaumwa?

— Hakuna anayeumwa. Nataka kukuuliza. Wewe hulala upande gani?

Akamwangalia mumewe kwa muda, akageuka kukitazama kitanda.

— Sijui, alisema. Kitanda kimekuwa changu peke yangu. Nalala katikati.

— Mimi pia.

Wakaanza kucheka, mmoja akimchochea mwenzake, mpaka mama akashika mbavu. Kisha akauliza kwa nini anaulizwa, na Zipu akamweleza yote: ziwa, usiku mmoja, hema la buluu na la kijani. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alichukua mtandio wake mlangoni.

— Twende nikalione.

Dukani, hema la kijani lilikuwa limesimamishwa sakafuni, kwa ajili ya wateja kulitazama. Mama alivua viatu, akaingia mlango wa huku. Zipu akazunguka, akaingia mlango wa kule. Wakajinyoosha chali. Mwanga ulipita kwenye kitambaa ukawa wa kijani, na sauti za duka zikawa mbali kidogo. Zipu akamweleza habari za mishono na vijiti, akamwonyesha jinsi zipu inavyoteleza bila kung'ata kitambaa. Alipofika kwenye vigingi, aligundua kwamba hajibiwi.

Mkewe alikuwa amelala. Alikuwa amegeuka ubavu wa kulia, uso kwake, kiganja kimoja chini ya shavu, anapumua polepole kama mtu aliyemaliza kazi ndefu. Kwenye nyusi bado kulikuwa na unga kidogo. Zipu hakujigeuza. Mkono wake aliokuwa ameulalia ulianza kufa ganzi, akauacha ufe.

Baada ya muda muuza duka aliinama mlangoni.

— Mzee, mmeshachagua?

Zipu akaweka kidole mdomoni.

— Tunachukua hili, alinong'ona. Ila usilikunje kwanza.