Duara Chini ya Awuor

Peugeot ya abiria ya Rongai ilitoka Nakuru na mimi nikiwa kiti ya nyuma. Sina kazi tangu nimalize form four, so mimi husikiza watu. Mbele yangu sista mmoja wa hospitali alikuwa na daftari imejaa boksi na duara. Mathe mmoja wa makamo kando yake akauliza, "Madam, hiyo ni ramani ya wapi?"

"Ni ya familia, mama. Boksi ni mwanaume, duara ni mwanamke. Mwenye amekufa tunapiga mstari. Nasomea kushauri watu juu ya magonjwa ya damu, kama sickle cell."

Mathe akaangalia hiyo daftari mpaka tukapita Njoro junction. "Hiyo ndiyo ilimaliza wasichana wangu wawili. Amebaki Awuor, na anataka kuolewa na Joash. Wamepimwa, wote wanaibeba kwa damu bila kuugua. Waoane?"

"Kila mimba ni kama kuokota karatasi moja kati ya nne, na moja iko na ugonjwa. Lakini kuamua ni wao. Tumefunzwa tusiamulie mtu."

"Masomo yote hayo na huwezi kusema ndio ama la?"

Hata mimi nilitaka jibu, na sina hata dem wa kuoa.

Mathe akachukua kalamu. Akachora mabinti wake watatu kwa hiyo daftari, wawili akawapiga mstari. Akaweka boksi ya Joash kando ya Awuor, na chini yao duara ndogo.

"Ana mimba?" sista akauliza.

"Bado."

Gari ikasimama Rongai. Mathe akapiga hiyo duara ndogo mstari, polepole, akarudisha kalamu, akashuka. Sista akatoa raba. Akaishikilia juu ya karatasi, na hakufuta.