Kamba ya Ng'ombe ya Josiah Momanyi

Mgeni rasmi, Mzee Obwocha, mwenyekiti mstaafu wa kituo cha majani chai Nyaramba. Mkeo, Mama Phanice. Msimamizi wetu, Dada Bonareri. Na wote mlioketi: Bwana asifiwe.

KARIBU
Sisi tunaokaa Nyumba ya Asubuhi hapa Mosocho ili kuachana na pombe, tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama. Tunajua una shughuli nyingi. Hakuna matanga wala harusi kutoka Nyaramba hadi Keroka ambako hukushika kipaza sauti, na hakuna ulikotoka bila kusindikizwa. Utusamehe, leo hakuna hema. Ile chupa ya soda unayotembea nayo mfukoni, Dada Bonareri atakuwa ameipokea langoni kwa heshima zote.

HISTORIA YETU
Nyumba hii ilianzishwa kwa maombi, ikajaa kwa uongo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeletwa kwa kuambiwa ukweli. Fred aliambiwa kuna kazi ya udereva. Onchiri aliambiwa kesi ya mpaka wa shamba inasikizwa. Lakini wa kusimuliwa ni Josiah Momanyi, yule pale karibu na jiko.

Josiah hupenda ng'ombe kuliko usingizi. Asubuhi moja mkewe, Nyamoita, alimwambia, "Baba Natasha, amka. Kuna mtamba mzuri Mosocho, twende ukamwone." Josiah akaruka kitandani, akavaa gambuti, akachukua kamba. Njia nzima aliuliza rangi yake. Langoni akamwuliza Bonareri, "Dada, ng'ombe yuko wapi?"

Bonareri akamtazama kuanzia gambuti hadi macho mekundu. "Karibu, baba. Ndiye huyu amefika."

Josiah alitukana hadi kuku wakahama uani. Kisha akaona jambo lililomuudhi zaidi: lango lilikuwa wazi, na hakuna aliyemzuia. Nje, Nyamoita alikuwa ameketi juu ya jiwe, mwavuli mkononi.

"Unangoja nini, wewe?"

"Nangoja nione utaenda wapi. Ukitoka, twende. Ukibaki, leo nitalala bila kusikiliza mlango."

Josiah akasimama pale na kamba yake. Aliona mikono ya mkewe inatetemeka kama yake, na mama huyu hajawahi kuonja pombe. Akasema basi, atakula ugali kwanza, halafu aondoke.

Hadi leo bado anakula.

MAFANIKIO
Waadventista kati yetu husali Jumamosi, Wakatoliki Jumapili, kwa hiyo shetani wa chang'aa hapati siku ya kututembelea kwa starehe. Tunapanda sukuma wiki. Baadhi yetu tumejifunza kuandika ukubwani, katika darasa la jioni, na risala hii ndiyo ushahidi. Kamba ya Josiah tunaanikia nguo.

CHANGAMOTO
Siku za kwanza ni ngumu, hatutakudanganya tena. Kuna jasho, kuna kutapika, kuna kuita majina ya watu waliokufa. Muuguzi yupo. Sisi pia tupo, tunakaa kando ya kitanda na kuimba, wengine vibaya sana.

MAOMBI
Mgeni rasmi, risala nyingine zingekuomba tangi la maji na magodoro. Tangi tungelipenda. Godoro la ziada tunalo, limetandikwa kando ya dirisha. Shuka ni zile alizoleta Mama Phanice, pamoja na lile sanduku ulilodhani ni la nguo za kugawia maskini.

Tulijua tukifika hapa utasimama uondoke. Josiah naye alisimama. Lango liko wazi, omogaka, mzee wetu, na hakuna atakayekushika. Ombi letu ni moja: kabla hujatoka, itazame mikono ya Mama Phanice. Hotuba hatukuomba. Ugali uko tayari. Kula kwanza.

Mungu aliyetufikisha hapa kwa njia za kona, kila mtu na kona yake, akubariki wewe na nyumba yako. Kwenye kamba ya Josiah bado kuna nafasi ya shati moja.

Ni sisi wenzako,
Wakaaji wa Nyumba ya Asubuhi, Mosocho.