Bweni la Mwisho wa Njia ya Kurukia

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa chuo chetu cha urubani, wakufunzi wenzangu, mafundi wa karakana, wazazi mliokuja kutoka mbali, na ninyi wanafunzi wangu mnaocheka pale nyuma: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa dakika chache za kuaga. Ratiba inasema nikimaliza kushukuru, Mheshimiwa ataweka jiwe la msingi la bweni jipya, na bweni hilo litaitwa kwa jina langu; si lile la kwenye kitambulisho, bali lile mlilonibandika wenyewe, Mama Pua Chini. Ndugu Mkurugenzi, heshima hii imenigusa, na najua ulivyohangaika ili vijana hawa waache kubanana vyumbani. Lakini bweni mnataka kulijenga kwenye majani yale yaliyo mwisho wa njia ya kurukia, na nikinyamaza leo nitakuwa nimewadanganya wote niliowafundisha.

Kwa nini? Naomba mnivumilie.

Mwezi uliopita nilipaa na mwanafunzi mmoja, yule mrefu tunayemwita Ngazi. Hewa ilikuwa tulivu, injini ilikuwa imekaguliwa, kila kitu sawa. Lami ilikuwa ndio kwanza inaisha chini yetu, injini ikakohoa mara moja, ikazimika. Ninyi mliozoea kelele zake hamjui ukimya ule. Rafadha, lile panga la puani, ilisimama wima mbele ya kioo, na Ngazi akaanza kugeuza usukani kushoto.

"Mwalimu, turudi! Njia ile pale nyuma!"

"Pua chini!"

"Mwalimu, tutaifikia!"

"Pua chini, nasema! Mbele!"

Nani asingetaka kurudi? Nyuma kuna lami, kuna gari la zimamoto, kuna watu wanaokupenda. Lakini ndege isiyo na injini ikipiga kona pale chini, kona inakula kimo kidogo ulichonacho, kasi inakwisha, bawa linadondoka, na baada ya hapo hakuna tena mkufunzi wala mwanafunzi, kuna maiti wawili. Samahani wazazi, nimesema kavukavu kwa sababu ndivyo ilivyo. Nilimnyang'anya usukani, nikainamisha pua ili tusipoteze kasi, nikamwamuru afunge mafuta, azime umeme, afungue mlango usije ukatubana. Aliyafanya yote huku analia. Mbele yetu, namshukuru Mungu, kulikuwa na majani yale yale, matupu. Tuligonga chini, tukaruka, gurudumu moja likang'oka, tukaserereka hadi mtaroni. Ngazi alitoka na kiatu kimoja, akampigia simu mama yake, akasema, "Shikamoo, Mama," kisha akanikabidhi mimi simu. Mama huyo yuko pale mstari wa pili. Dada yangu, pole tena.

Juzi nilimfuata Mkurugenzi ofisini kwake. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, miaka yote hii ni ndege ngapi zimetua kwenye yale majani?"

Nikamjibu, moja.

"Umeona? Moja tu!"

Ndugu Mkurugenzi, siku ile niliaga nikaondoka. Leo nakujibu: hiyo moja ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao ndiye anayekuhutubia.

Nyuma ya karakana kuna eneo kubwa lililojaa mapipa matupu na mabawa mabovu. Mafundi wameniahidi kulisafisha kwa mikono yao wenyewe, na wakikataa nitawasema hapa hapa mbele ya wake zao. Jengeni pale. Liiteni jina lolote mpendalo, sitanuna.

Jumatatu Ngazi anaruka peke yake kwa mara ya kwanza. Mimi nitakuwa nimeshastaafu. Kiti cha pembeni yake kitakuwa kitupu, na hatakuwapo wa kumpigia kelele. Nimemfundisha kwamba injini ikizimika asigeuke, atafute pa kutua mbele yake. Mheshimiwa, nakuomba, na mama yake anasikia: mbele ya mtoto huyu usiweke ukuta.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na kwa miaka yote mliyonikabidhi watoto wenu.